Thomas Bayes

Thomas Bayes (takriban 1701 – Aprili 1761) alikuwa mchungaji Mpresbiteri na mwanahisabati wa Uingereza. Anajulikana kwa kanuni ya uwezekano inayoitwa kwa jina lake, ambayo leo hutumika katika tiba, bima na utafiti wa kisayansi, na pia katika kuchuja barua taka kwenye seva za barua pepe. Yeye mwenyewe hakuichapisha kanuni hiyo.

Maisha

Baba yake, Joshua Bayes, alikuwa mchungaji jijini London. Familia hiyo haikuwa ya Kanisa Anglikana, na wakati ule watu wa namna hiyo hawakuweza kupata shahada katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Kwa hiyo mwaka 1719 Thomas alikwenda Uskoti, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, kusoma mantiki na teolojia. Baada ya masomo alimsaidia baba yake kazi ya uchungaji, na katika miaka ya 1730 akahamia mji wa Tunbridge Wells, mkoa wa Kent, akawa mchungaji wa kanisa dogo la huko hadi alipostaafu mwaka 1752.

Wakati wa uhai wake yanajulikana maandiko yake mawili tu. La kwanza, la mwaka 1731, lilihusu wema wa Mungu. La pili lilitoka mwaka 1736 bila jina la mwandishi: lilitetea hisabati ya Isaac Newton dhidi ya hoja za Askofu George Berkeley. Mwaka 1742 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Alifariki Tunbridge Wells akazikwa London, katika makaburi ya Bunhill Fields. Picha inayowekwa mara nyingi vitabuni kuwa ni yake haina uhakika wowote.

Insha iliyookolewa

Baada ya kifo chake, karatasi zake zilimfikia rafiki yake Richard Price, naye pia mchungaji na mwanahisabati. Kati ya karatasi hizo Price alikuta insha juu ya uwezekano. Aliihariri, akaiongezea utangulizi na nyongeza, na insha ikasomwa mbele ya Royal Society tarehe 23 Desemba 1763. Kama Price angezifunga karatasi zile na kuziweka sandukuni, jina la Bayes lisingekuwa na sababu ya kutajwa katika kamusi elezo hii.

Swali la insha lilikuwa la kinyume na yale yaliyozoeleka. Wanahisabati waliomtangulia walijua kukadiria yatakayotokea pale sababu inapojulikana, kwa mfano kete ikirushwa. Bayes aliuliza: tukiwa tumeona matokeo tu, tunaweza kusema nini juu ya sababu? Alitumia mfano wa meza. Mpira mmoja unarushwa na mahali uliposimama panawekwa alama. Kisha mpira mwingine unarushwa mara nyingi. Mtu asiyeiona meza anaambiwa tu ni mara ngapi mpira ulisimama upande huu wa alama na mara ngapi upande ule. Kila taarifa mpya inamsaidia kukisia vizuri zaidi alama iko wapi.

Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliifikia njia hiyohiyo mwenyewe mwaka 1774 na kuiendeleza kwa mapana. Kwa haki, jina lake lingestahili kuwekwa kando ya lile la Bayes.

Kuchuja barua taka

Mwaka 1998 watafiti nchini Marekani walichapisha njia ya kuchuja barua taka kwa kanuni ya Bayes, na mwaka 2002 makala ya mwanaprogramu Paul Graham iliieneza sana. Tuseme seva imepokea barua 100: taka 40 na halali 60. Neno "zawadi" limo katika taka 20 na katika halali 3. Barua mpya ikija na neno hilo, uwezekano kuwa ni taka ni 20 kwa 23, yaani karibu asilimia 87. Kichujio hufanya hesabu hii kwa maneno mengi na kuunganisha matokeo, kikichukulia kwamba kila neno linajitegemea. Dhana hiyo si ya kweli, lakini kwa kazi hii inatosha.

Wanafunzi wengi hukosea hapa: wanaangalia taka 20 kati ya 40 na kujibu asilimia 50. Swali halikuwa hilo. Barua iko mkononi na neno tumeshaliona, tunatafuta lilikotoka.

Kichujio hujifunza kwa mifano ya seva yenyewe. Neno "mkopo" ni la kawaida katika barua za chama cha akiba na mikopo, na neno "dawa" katika barua za hospitali. Kwingineko yanaweza kuwa dalili ya taka. Ndiyo maana msimamizi wa seva hapaswi kukifundisha kwa taka peke yake. Katika programu ya SpamAssassin, kwa mpangilio wake wa awali, sehemu ya Bayes haitoi alama yoyote mpaka iwe imejifunza angalau barua taka 200 na halali 200. Baada ya hapo alama yake hujumlishwa na za kanuni nyingine, na barua inayofikisha jumla ya 5 huhesabiwa kuwa taka.

Watuma taka nao walijibu kwa kujaza barua zao maneno ya kawaida ili kukivuruga kichujio. Msimamizi akishusha kikomo cha 5 ili kuwakamata, barua ya kumwita mtu kwenye usaili wa kazi inaweza kuangukia katika folda ya taka, na aliyeandikiwa asijue kamwe kwamba aliitwa. Kwa sababu hiyo wengi huziweka barua zinazoshukiwa kando badala ya kuzifuta, na mpokeaji akiikuta halali humo huirudisha. Kichujio kikifundishwa kwa barua hiyo, hesabu zake hurekebishwa.

Mwaka 1969 kaburi la Bunhill Fields lilikarabatiwa kwa michango ya wanatakwimu kutoka pande nyingi za dunia.