Siti binti Saad: muuza vyungu aliyeimba ya nyoyoni mwetu

Juzi usiku hapa Muscat mama aliniambia nimtafutie Siti kwenye simu. Sauti ikaja na mkwaruzo wa santuri, mama akanyamaza. Mwanangu akauliza kwa nini nyimbo za zamani ni ndege na maua tu. Nikaona bora nimweleze, na nyie niwaeleze.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880. Baba yake Mnyamwezi, mama yake Mzigua, watu wa kizazi cha watumwa. Nalisema hili wazi, maana watu kama wao walimilikiwa na majumba kama yetu. Mama alifinyanga vyungu, Siti akavibeba kichwani mpaka mjini, akivinadi njiani. Koo lake lilinolewa hapo.

Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa muziki. Wakati ule taarabu ya wakubwa ikiimbwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, ikawafikia hata watu wa Ng'ambo. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay kurekodi, na santuri zake zikaenea pwani nzima. Yule yule muuza vyungu sasa akaalikwa kuimba kwa mabwana.

Sasa turudi kwa ndege na maua. Kwetu mtu hasemi nimeachwa. Atasema waridi limenyauka, njiwa karuka hajarudi tunduni, kaskazi imepita na chombo hakikutia nanga. Maneno ni ya bustani na bahari, lakini kila msikilizaji anatia lake ndani. Bibi aliyeozwa asiyemtaka aliweza kutokwa na machozi mbele ya watu, na hapana wa kumuuliza. Taarabu ilimsitiri.

Ndiyo maana nasema tuna deni kwake. Binti ambaye wazee wetu wasingemkaribisha barazani ndiye aliyewatolea yale wasiyoweza kuyatamka.

Siti alifariki 1950. Shaaban Robert aliandika maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad; mwenye kukipata kitabu hicho awasomee wanawe.

Nilipomaliza, mwanangu akamgeukia bibi yake, akamuuliza njiwa wake yeye alikuwa nani. Mama hakujibu. Aliniomba tu niurudishe wimbo mwanzo.