Charles Dow, mwandishi wa habari aliyetufundisha kutafuta njia ya bei

Siku hizi vijana wengi wanapokea kwenye simu ujumbe wa kuwaahidi faida ya haraka. Wanaambiwa kuna programu inayochagua hisa nzuri yenyewe: wewe unaweka tu feza, mashine inafanya kazi. Mbele ya kuamini au kukataa, ni vizuri tujue mawazo hayo yalitoka fasi gani. Njo maana leo tunawaletea maisha ya Charles Henry Dow.

Dow alizaliwa tarehe 6 Novemba 1851 katika kijiji cha Sterling, jimbo la Connecticut, inchi ya Marekani. Papa yake alikuwa mkulima, naye alikufa Charles akiwa bado mtoto mdogo. Hakusoma shule nyingi. Alijifunza kazi ndani ya magazeti, kwanza Springfield, halafu Providence. Alikuwa mtu wa kimya, wa kuandika pole pole, na alipenda hesabu kuliko maneno mengi.

Mwaka 1879 gazeti lake lilimtuma Leadville, katika milima ya Colorado, pamoja na matajiri waliotaka kuona machimbo ya feza, ile madini yenyewe. Kule aliona watu wanatajirika haraka na wengine wanapoteza kila kitu. Barua alizotuma Providence zilieleza kazi ya machimbo, bei, na namna watu wanavyoweka mali yao fasi wasiyoijua. Nyuma ya safari ile, akaenda New York.

Mwezi wa Novemba 1882, Dow na rafiki yake Edward Jones walianzisha kampuni Dow Jones, pamoja na Charles Bergstresser, ambaye jina lake halikuingia kwenye jina la kampuni. Biro yao ilikuwa chumba cha chini, namba 15 Wall Street, karibu kabisa na soko la hisa. Waliandika habari kwa mkono kwenye vikaratasi, na vijana wakakimbia kuzipeleka kwa wafanyabiashara. Mwaka uliofuata wakaanza kutoa barua ya kila mchana, na tarehe 8 Julai 1889 ikageuka gazeti la kurasa 4: The Wall Street Journal.

Sasa tuangalie shida iliyokuwa mbele yake. Kila siku hisa nyingi zinauzwa. Moja inapanda, ingine inashuka, ya tatu inakaa pale pale. Mtu akiuliza kama soko leo limepanda ao limeshuka, hakuna mwenye jibu. Kila mmoja anasema kufuatana na hisa aliyo nayo mfukoni. Na makampuni ya wakati ule yalificha hesabu zao, kwa hiyo uvumi ulijaa.

Dawa ya Dow ilikuwa ya mtoto wa shule ya musingi: kujumlisha na kugawa. Tarehe 3 Julai 1884 alitoa wastani wa kwanza wa kampuni 11, na 9 kati yao zilikuwa za reli. Tarehe 26 Mei 1896 akatoa wastani wa kampuni 12 za viwanda, kama sukari, tumbako, gazi na mpira. Alijumlisha bei zote, akagawa kwa 12, akapata 40.94. Namba ile moja ilionyesha hali ya wote pamoja.

Lakini muone mambo yaliyofuata. Tarehe 8 Agosti ya mwaka ule ule, wastani ulikuwa umeanguka mpaka 28.48. Aliyenunua siku ya kwanza kwa kufikiri kwamba namba mpya ni baraka alipoteza zaidi ya robo ya mali yake kwa miezi miwili na nusu. Namba haikudanganya. Ilisema tu bei zilipofika leo, haikuahidi kesho.

Kuanzia 1899 Dow aliandika makala nyingi kuhusu mwenendo wa bei. Alifananisha soko na maji ya bahari. Kuna maji makubwa yanayojaa ao kupungua kwa muda mrefu, kuna mawimbi juu yake, na kuna viwimbi vidogo vya kila siku. Mjinga anaangalia kiwimbi. Mwenye akili anapanda kijiti mchangani fasi wimbi lilipofika, halafu anangoja kuona kama linalofuata litakipita. Kutoka makala hizo watu walichukua kanuni ingine: wastani wa viwanda na wastani wa reli lazima vikubaliane. Kama kiwanda kinatengeneza vitu lakini treni hazivibebi, kuna kasoro.

Wastani wa Dow ulichanganya kampuni nyingi kwa siku moja. Waliokuja nyuma yake waligeuza hesabu: wakachukua kampuni moja na kuchanganya siku nyingi. Unajumlisha bei za kufunga za siku 50, unagawa kwa 50. Kesho unatoa siku ya zamani zaidi, unaingiza mpya. Huo njo wastani unaotembea. Unafuta viwimbi, unaacha maji makubwa yaonekane.

Leo kazi hiyo inafanywa na kompyuta. Mtu anaandika masharti: bei ya leo iwe juu ya wastani wa siku 50, na wastani wa siku 50 uwe juu ya wastani wa siku 200, na wastani wa siku 200 wa leo uwe mkubwa kuliko wa mwezi uliopita. Kampuni inayokosa sharti moja inatoka kwenye liste. Neno muhimu pale ni lile dogo, na. Ni sawa na viwanda na reli: shahidi mmoja hatoshi.

Kumbe mashine haina uchawi. Inauliza maswali ya Dow, ila kwa haraka. Na ina kasoro ile ile: wastani unafika nyuma ya bei, hauitangulii. Bei ikianguka kwa ghafla, sharti litajua kwa kuchelewa. Bei ikizunguka fasi moja, masharti yatasema nunua, uza, nunua, uza, na feza itaisha pole pole.

Dow mwenyewe hakuita mawazo yake mafundisho. Jina hilo lilikuja 1903, wakati alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 1902 kampuni yake iliuzwa kwa Clarence Barron, na tarehe 4 Desemba mwaka ule Dow akafariki Brooklyn, akiwa na miaka 51.

Kwa hiyo, mandugu, mtu akikuonyesha programu na kuapa kwamba inajua bei ya kesho, mwombe akueleze masharti yake moja kwa moja. Kama ni kujumlisha na kugawa, atayaeleza kwa dakika tano. Kama hawezi, funga mfuko wako.