Barua iliyomharibia Frege hesabu

Unaijua ile x ya aljebra? Unaitoa, unaweka 5, umemaliza. Sasa Gottlob Frege, Mjerumani aliyezaliwa Wismar mwaka 1848 na kufundisha hisabati Jena, hakuishia kwa namba. Kwake, mahali pa herufi uliweza kuweka maelezo mazima, mradi ubadilishe kila inapotokea. Kwa kanuni za aina hiyo alitaka kujenga hesabu yote kutoka chini. Kitabu cha kwanza kilitoka 1893.

Juni 1902, cha pili kikiwa kinachapishwa, ikafika barua ya Bertrand Russell kutoka Uingereza. Russell aliweka maelezo haya tu: seti isiyojijumuisha. Haya, kusanya seti zote za namna hiyo ziwe seti moja. Je, hiyo inajijumuisha? Ukisema ndiyo, inakuwa hapana. Ukisema hapana, inakuwa ndiyo. Kumbe kanuni yake ya tano, iliyoyapa maelezo yoyote seti yake, ilikuwa mbovu!

Wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungenyamaza, si ndiyo? Frege alijibu ndani ya wiki moja akikiri, kisha akaongeza sura mwishoni mwa kitabu kueleza kosa lake. Kiraka alichobandika hapo nacho kikaja kuvuja. Alikufa 1925, wachache sana wakimjua.