Siti binti Saad na Raha ya Wakazi wa Ng'ambo

Siti binti Saad alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, wote wa tabaka la watumwa, naye akapewa jina la Mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, lakini ufukara haukufutika. Binti huyo aliishi kwa kuchuuza vyungu, na sauti yake ya kunadi ilitangulia kujulikana kabla ya uso wake. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa kuimba kwa ala, na hatimaye akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Taarabu ya wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na hivyo burudani ya kasri ikawa mali ya watu wa Ng'ambo. Wakazi hao walikuwa na dhiki nyingi. Walimiliki vibanda bila kumiliki viwanja, na mnamo 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi. Mwaka huohuo Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri.

Nyumbani kwake watu walikusanyika usiku kusikiliza nyimbo na kutazama natiki, yaani vichekesho vifupi. Yafaa kuuliza iwapo mikusanyiko hiyo ilikuwa njia ya kukimbia shida tu. Wimbo wa Kijiti unatupa jibu. Unasimulia kisa cha muuaji aliyetorokea bara huku adhabu ikiwaangukia mashahidi. Msikilizaji aliburudika kwa sauti na ala, papo hapo akisikia mahakama ya wakoloni ikihukumiwa kwa lugha yake mwenyewe. Kwa hiyo raha haikuwafanya wasahau dhiki. Iliwapa nafasi ya kuitua chini na kuitazama pamoja, bila hofu.

Siti alifariki Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na hivyo mchuuza vyungu akaingia katika fasihi andishi. Hapana budi wanaotafiti historia ya Kiswahili wazichunguze pia baraza za starehe, kwani humo ndimo wanyonge walimoisemea hali yao walipokosa pengine pa kuisemea.