Yang Chengfu: Bingwa wa tai chi ambaye vitabu vyake viliandikwa na wanafunzi wake

Ukitafuta kitabu cha tai chi kwenye simu, hutachukua muda kabla hujakutana na picha zake. Ni mwanaume mnene, amevaa mavazi ya Kichina, uso umetulia na mabega yamelegea kabisa. Picha hizo zina umri wa miaka 90 na zaidi, lakini mpaka leo zinanakiliwa, zinachorwa upya na kuwekwa kwenye vitabu vipya.

Huyo ni Yang Chengfu, aliyezaliwa mwaka 1883 na kufariki mwaka 1936. Tai chi inayochezwa kwenye bustani nyingi duniani, ile ya polepole, imepitia mikononi mwake. Lakini hakuwa mtu wa kalamu. Vitabu viwili vinavyobeba jina lake viliandaliwa na wanafunzi wake, na cha kwanza kilizua maneno mpaka kikaondolewa.

Maisha yake yanamsaidia sana mtu anayetaka kujifunza tai chi leo na hana mwalimu jirani.

Mambo ya mwili kwenye karatasi

Kwa watu wa Mtwara, wazo la kujifunza miondoko kwa kitabu linaweza kuonekana la ajabu. Sindimba haifundishwi kwa maandishi. Mtoto anamwangalia mkubwa anavyochezesha kiuno, anaiga, anachekwa, anarudia mpaka anaiweza. Mchonga vinyago wa Kimakonde hujifunza akiwa amekaa karibu na fundi. Hata nahodha anayepita mlango wa mto Ruvuma, upande wa Msimbati, anaujua mchanga na mkondo kwa sababu alikaa chomboni na waliomtangulia.

Tai chi nayo ilikuwa hivyo hivyo. Kwa miaka mingi ilikaa ndani ya familia chache za China, baba anamfundisha mwana. Kama kulikuwa na maandishi, yalikuwa ya mkono, tena hayakuonyeshwa kwa kila mtu.

Babu aliyeogopwa Beijing

Aliyeiingiza familia ya Yang kwenye mchezo huu ni babu yake, Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799. Alitoka wilaya ya Yongnian, jimbo la Hebei, akaenda kujifunza kwenye kijiji cha ukoo wa Chen, jimbo la Henan. Baadaye akahamia Beijing na kufundisha hadi watu wa tabaka la watawala. Alipewa jina la utani lenye maana ya mtu asiyeshindwa.

Luchan alifariki mwaka 1872, miaka 11 kabla ya Chengfu kuzaliwa. Wanawe walipitia mazoezi makali kupita kiasi. Inasimuliwa kwamba mmoja wao alijaribu kutoroka nyumbani.

Chengfu alikuwa mtoto wa Yang Jianhou, mmoja wa wana hao. Kwa simulizi za wanafunzi wake, ujanani hakuwa na haraka na mazoezi. Baba alikuwepo, mwalimu yuko nyumbani, kesho ipo. Mwaka 1917 baba akafariki. Hapo ndipo, kwa mujibu wa simulizi hizo, kijana akaona alichokuwa anakichezea, akajifungia na mazoezi.

Alikuwa na miaka zaidi ya 30, na mlango wa kumuuliza baba ulikuwa umeshafungwa.

Akaupunguza mwendo

China yenyewe ilikuwa inabadilika. Utawala wa wafalme ulianguka mwaka 1912, na serikali mpya pamoja na wasomi walitaka wananchi wenye afya. Mwaka huohuo, Xu Yusheng alianzisha taasisi ya utafiti wa michezo mjini Beijing. Yang Chengfu na kaka yake mkubwa, Yang Shaohou, wakawa miongoni mwa waliofundisha pale. Siri ya familia ikaanza kufundishwa hadharani.

Darasani walikuja watu wa ofisini, wagonjwa, wazee, watu ambao hawakuwahi kupigana hata siku moja. Yang akaona mtindo mkali wa babu hautawafaa. Hatua kwa hatua akaondoa miruko na mapigo ya ghafla, akafanya mwendo uwe mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, mpana, wa taratibu na usiokatika.

Haikuwa kulainisha mchezo tu. Kwenda polepole kunaonyesha makosa. Mtu anayeruka anaweza kuficha kwamba hana mizani. Anayechukua sekunde kadhaa kuhamisha uzito kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia hana pa kujificha.

Vitabu vikaanza kutoka

Mwanafunzi mmoja, Chen Weiming, alikuwa msomi. Mwaka 1925 alitoa kitabu cha tai chi mjini Shanghai, ndani yake kukiwa na picha za Yang. Huyohuyo Chen ndiye aliyeandika kanuni kumi ambazo Yang alizieleza kwa mdomo.

Kanuni hizo leo zinajulikana kuliko hata majina ya miondoko yenyewe: kichwa kikae juu bila kukaza shingo, kifua kilegee, kiuno kiwe huru, mabega na viwiko vishuke, na mtu ajue muda wote ni mguu upi umebeba uzito. Nyingine zinahusu kutumia akili badala ya nguvu, na kuunganisha miondoko bila kukatisha.

Mwaka 1928 Yang alihamia kusini. Alifundisha Nanjing, Shanghai, Hangzhou na baadaye Guangzhou. Kila alipokwenda wanafunzi waliongezeka, na kila mmoja alirudi kwake na kipande cha alichokiona. Hapo haja ya kitabu chenye jina la mwalimu mwenyewe ikawa kubwa.

Kitabu kilichokataliwa

Kitabu cha kwanza kwa jina lake kilitoka mwaka 1931, kikiwa kimeandaliwa na mwanafunzi wake Dong Yingjie. Kilieleza miondoko pamoja na namna ya kuitumia kwenye mapambano. Lugha yake ilikuwa ya mazungumzo, kama mwalimu anavyoongea uwanjani.

Ndiyo ikawa kesi. Wasomi wa wakati ule walizoea kitabu kiandikwe kwa lugha ya juu. Inasimuliwa kwamba Yang alitaka nakala zilizobaki ziondolewe, na wengine husema zilichomwa moto.

Mwaka 1934 kikatoka cha pili. Safari hii kazi ya kalamu ilimwangukia Zheng Manqing, ambaye alikuwa tabibu, mchoraji na mshairi. Lugha ikapanda, mpangilio ukanyooka. Hicho ndicho kilichokuja kuheshimika zaidi. Mwaka 2005 Louis Swaim alikitoa kwa Kiingereza kwa jina la The Essence and Applications of Taijiquan.

Kichekesho ni kwamba hata kile cha 1931 wanafunzi wa leo wanakitafuta, kwa sababu ileile iliyokifanya kichekwe: ndani yake mwalimu anasikika akiongea.

Miaka miwili baada ya kitabu cha pili, mwaka 1936, Yang Chengfu alifariki mjini Shanghai akiwa na miaka 53. Mtoto wake Yang Zhenduo alikuwa na miaka 10 tu. Safari hii alama za kurudia zilikuwepo: picha, kanuni kumi, vitabu viwili na wanafunzi waliosambaa nchi nzima. Zhenduo alikua, akafundisha ndani na nje ya China hadi alipofariki mwaka 2020. Mwaka huohuo UNESCO iliiingiza tai chi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia usioshikika.

Anayetafuta kitabu leo afanyeje?

Wachina wamekuwa sehemu ya maisha ya Mtwara kwa miaka sasa. Kampuni ya China ndiyo iliyojenga bomba la gesi kutoka Madimba hadi Dar es Salaam, lililokamilika mwaka 2015. Lakini kumpata mwalimu wa tai chi ni jambo lingine, na wengi wataanza na kitabu kwenye simu. Kutokana na maisha ya Yang, kuna mambo manne ya kuangalia kabla ya kulipa.

Kwanza, kitabu kinafuata mtindo gani? Zheng Manqing baadaye alifupisha mtiririko wa mwalimu wake kuwa wa miondoko 37. Mwaka 1956 serikali ya China ikatoa mfupi zaidi wa miondoko 24, uliotokana na mtindo wa Yang. Mrefu wenyewe unahesabiwa 85, 103 au 108, kutegemea anayehesabu. Ukichanganya vitabu vitatu utachanganyikiwa. Kwa anayeanza, ule wa 24 unatosha, kwani unachukua kama dakika 6 tu.

Pili, nani yuko kwenye picha? Mwandishi aseme alijifunza kwa nani. Picha zionyeshe miguu mpaka chini, na maelezo yataje uzito uko mguu gani. Kitabu kinachoonyesha mikono tu hakisaidii, maana kazi kubwa ya tai chi iko kiunoni kwenda chini.

Tatu, kinasema nini kuhusu magoti? Hapa ndipo watu wanaumia. Goti linatakiwa lielekee upande wa vidole vya mguu na lisivuke ncha yake. Yang kwenye picha anachuchumaa kiasi, siyo sana. Kitabu kinachomhimiza anayeanza ashuke chini kabisa kitamrudisha nyumbani akichechemea.

Nne, kinaahidi nini? Utafiti umeonyesha tai chi husaidia wazee kupunguza kuanguka, na hilo ni jambo kubwa kwa mzee yeyote. Kitabu kinachoahidi kuponya kila ugonjwa kiache hapohapo. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya viungo aendelee na dawa na amuulize daktari kwanza.

Kuna kitu kimoja ambacho mwanafunzi wa 1934 hakuwa nacho: simu yenye kamera. Chagua mwondoko mmoja, jirekodi kwa pembeni na kwa mbele, kisha weka picha yako karibu na ya Yang. Angalia goti, nyonga, bega. Rekebisha, rudia kesho.

Na siku akipatikana mtu anayejua kweli, mwombe akushike bega na kukuonyesha. Wanafunzi wa Yang walioandika vitabu vyake walikuwa wameshasimama mbele yake kwanza.