Sanduku la Margaret Greville

Margaret Greville alizaliwa mwaka 1863 akiwa tayari na siri. Mama yake, Helen, alikuwa mke wa William Anderson, mfanyakazi wa kiwanda cha bia huko Edinburgh, Uskoti. Baba mzazi alikuwa mwenye kiwanda mwenyewe, William McEwan, tajiri ambaye baadaye aliingia bungeni. Helen alipokuwa mjane, McEwan alimwoa, mwaka 1885. Tangu hapo msichana aliitwa mtoto wa kambo wa mtu yule yule aliyemzaa. Sisi wa kitivo cha lugha tulitazame vizuri neno hilo. Kisheria halikuwa uongo, na bado liliuficha ukweli wote.

Mwaka 1891 Margaret aliolewa na Ronald Greville, mwana wa kwanza wa Baron Greville. Kwa ndoa hiyo binti wa kiwanda aliingia katika tabaka la mabwana wakubwa wa Uingereza. Mwaka 1906 wakanunua Polesden Lacey, nyumba kubwa katika jimbo la Surrey. Ronald akafariki mwaka 1908, kabla ya kurithi cheo cha baba yake, na hawakuwa na mtoto. McEwan naye alipofariki mwaka 1913, mali yake ilimfikia Margaret.

Ndipo vito vikawa vingi. Alikuwa mteja wa Boucheron wa Paris na wa Cartier, na hakuogopa kuvunja kitu kizuri ili apate kingine. Mwaka 1921 Boucheron walichukua almasi za taji lake la zamani wakazipanga upya kwa umbo la masega ya nyuki. Miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wamemtengenezea taji la almasi na zumaridi, lenye jiwe kubwa la kijani katikati. Kwa mwanamke ambaye ukoo wake haukuweza kusemwa mezani, nadhani mawe hayo yalisema kwa niaba yake. Wafalme walikula kwake. Mwaka 1923 Mwanamfalme Albert na mkewe Elizabeth walipumzika Polesden Lacey baada ya arusi yao.

Hakuwa mtu mwema kwa kila jambo. Ulimi wake ulikata kama wembe, na katika miaka ya 1930 alivutiwa na Hitler, jambo ambalo wanaomsifu hupenda kulipita haraka. Hata hivyo, London iliposhambuliwa kwa mabomu hakuikimbia. Alikaa Hoteli ya Dorchester, na hapo akafariki Septemba 1942.

Nyumba aliiachia National Trust, shirika linalotunza majengo ya kihistoria. Vito vyote alimwachia Elizabeth, ambaye wakati huo alikuwa malkia, mke wa George wa 6. Vilikuwa zaidi ya 60, ndani ya sanduku jeusi la bati. Watu walikuwa wakila kwa mgao, kwa hiyo malkia hakuharakisha kuvionyesha. Mwaka 1947 mkufu wa yakuti nyekundu ulitoka humo ukawa zawadi ya arusi ya binti yake, malkia wa baadaye, Elizabeth wa 2.

Taji la zumaridi lilikaa kimya zaidi. Umma haukuliona juu ya kichwa cha mtu yeyote wa familia ya kifalme hadi Oktoba 2018, Eugenie, mjukuu wa Elizabeth wa 2, alipolivaa siku ya arusi yake huko Windsor. Margaret mwenyewe amezikwa Polesden Lacey, bustanini.