Amir Habib Jamal: Rangi, Sifa na Uadilifu katika Uteuzi wa Viongozi, 1959–1985

Katika maandishi mengi yanayohusu siasa za Tanganyika na Tanzania, Amir Habib Jamal hutajwa kwa sentensi moja au mbili, kama ushahidi kwamba nchi hii iliteua viongozi wake pasipo kujali rangi. Makala haya hayakusudii kuupinga ushahidi huo, bali yanakusudia kuonyesha kwamba umetumiwa kwa wepesi kupita kiasi. Jamal alipimwa kwa rangi, kwa sifa na kwa uadilifu kwa pamoja, na katika muda wote wa utumishi wake kipimo cha kwanza hakikuondolewa mizanini. Kilichofanyika ni kukitaka kipimo cha pili na cha tatu kilipe deni la kile cha kwanza. Mtu wa Kiafrika aliyeteuliwa kuwa waziri alitakiwa kufaa, lakini Jamal alitakiwa kufaa na, zaidi ya hapo, kuthibitisha kila mara kwamba ni wa hapa.

Alizaliwa Mwanza mwaka 1922 katika familia ya wafanyabiashara yenye asili ya Gujarat. Alisoma uchumi na biashara katika Chuo Kikuu cha Calcutta, na miaka yake ya masomo ilikuwa ndiyo miaka ambayo vuguvugu la kuwaondoa Waingereza lilikuwa limepamba moto nchini India. Aliporejea alishiriki katika Asian Association, chama cha Waasia waliokataa mgawanyo wa viti kwa usawa wa rangi, mgawanyo ambao serikali ya kikoloni iliunadi kuwa ni haki ilhali Waafrika walikuwa zaidi ya 98 katika kila watu 100. Sophia Mustafa, K. L. Jhaveri na M. N. Rattansey walikuwa katika kundi hilo hilo, nalo lilisimama upande wa TANU dhidi ya chama cha UTP kilichoundwa mwaka 1956.

Uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959 unaeleweka vizuri zaidi ukitazamwa kutoka mashambani. Tuchukue Chimala, kituo cha njiani kwenye ukingo wa bonde la Usangu, baina ya Makambako na Mbeya, katika lililokuwa Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Mkazi wa hapo hakuruhusiwa kupiga kura mpaka awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotajwa na sheria. Msangu au Msafwa aliyetimiza sharti mojawapo alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake ikaharibika. Sifa na rangi zilifungwa pamoja na sheria yenyewe. TANU ilikubali kushiriki katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, baada ya mjadala mkali, kisha ikaugeuza mtego ule kwa kuwaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo. Katika Nyanda za Juu Kusini aliyenufaika ni Lady Chesham, Mmarekani kwa kuzaliwa, ambaye baadaye aliwakilisha Iringa. Jamal naye aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa njia hiyo hiyo.

Julai 1959 mawaziri watano waliochaguliwa na wananchi waliingia serikalini. Watatu walikuwa Waafrika, nao ni Abdallah Fundikira, George Kahama na Solomon Eliufoo. Mzungu alikuwa Derek Bryceson, na Mwasia alikuwa Jamal, aliyepewa wizara iliyosimamia serikali za mitaa za mijini na ujenzi. Mwaka uliofuata, Julius Nyerere alipounda serikali yake, Jamal alipewa mawasiliano, umeme na ujenzi. Hapa pana jambo ambalo wasifu nyingi hulipita haraka. TANU haikuwafungulia wasio Waafrika milango ya uanachama hadi mwanzoni mwa 1963. Kwa zaidi ya miaka mitatu, basi, Jamal alikuwa waziri aliyetekeleza siasa ya chama ambacho katiba yake haikumruhusu kuwa mwanachama. Aliaminiwa kusimamia barabara za nchi nzima, lakini hakuaminiwa kupewa kadi. Hakuna sababu ya kuuona uamuzi huo kuwa unafiki, kwani chama cha ukombozi kilihofia kumezwa na wenye mali na elimu. Hata hivyo, unatuonyesha kwamba uteuzi wake ulitokana na imani ya kiongozi mmoja kabla ya kuwa msimamo wa wengi.

Tofauti hiyo ilidhihirika Bungeni Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipojadiliwa. Baadhi ya wabunge walitaka uraia ufuate asili, na Nyerere akatamka kwamba serikali yake ingejiuzulu endapo Bunge lingeukubali msingi huo. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, mjadala huu una mvuto wa pekee. Neno mwananchi lilikuwa tayari na uzito wa damu na ardhi, wakati raia lilibeba maana ya kisheria tu. Jamal aliweza kuwa raia kwa cheti. Kuwa mwananchi lilikuwa jambo la masikio ya watu. Katika miaka hiyo hiyo mtaani lilizuka neno naizesheni, lililokatwa kutoka katika neno la Kiingereza la kuwapa Waafrika kazi za wageni, likazaa naizi, yaani mwenye kazi mpya na suti mpya. Kejeli iliyomo katika neno hilo inatosha kuonyesha kwamba watu wa kawaida hawakuamini kuwa rangi ya mteuliwa peke yake ingewaletea nafuu.

Tarehe 7 Januari 1964 Nyerere alitoa waraka uliokomesha upendeleo wa Waafrika dhidi ya raia wengine katika ajira za serikali. Siku 13 baadaye askari wa kambi ya Colito waliasi, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Si haki kusema kwamba waraka ndio uliozaa maasi, lakini ukaribu wa matukio hayo mawili unaonyesha jinsi suala hili lilivyokuwa bichi.

Uchaguzi wa 1965 ndio uliompa Jamal kile ambacho uteuzi haukuweza kumpa. Kanuni za chama ziliwakataza wagombea kutumia rangi, kabila au dini, na kampeni ziliamriwa kufanywa kwa Kiswahili pekee. Katika eneo kama Usangu, ambamo Wasangu, Wasafwa, Wakinga na Wabaluchi waliishi jirani, kanuni hiyo ya lugha ilikuwa na nguvu kuliko hotuba yoyote juu ya umoja, maana ilimnyima mgombea nafasi ya kunong'ona na watu wa kwao. Huko Morogoro Jamal alishindana na Mwafrika na akashinda. Wakati huo huo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa Mwanza, na Fedha ikakabidhiwa kwa Jamal. Tangu hapo hakuna aliyeweza kudai kwamba kiti chake kilikuwa cha kuhifadhiwa.

Mnamo Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia ikakosa njia ya kusini. Malori ya mafuta yakaanza kupita Iringa, Makambako, Chimala na Mbeya hadi Tunduma, kwenye barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliifananisha na jehanamu. Yaliyofuata ni kazi ya Hazina kama ilivyokuwa ya wahandisi. Bomba la mafuta lilifunguliwa mwaka 1968, barabara ikatiwa lami, na reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Jamal alikuwa Waziri wa Fedha wakati makubaliano ya reli yalipotiwa saini Beijing, Septemba 1967. Mkopo wa China haukuwa na riba, lakini gharama za ndani zilipaswa kulipwa kwa mauzo ya bidhaa za Kichina. Hivyo vitenge, baiskeli na mabeseni yaliyonunuliwa madukani ndiyo yaliyolipa sehemu ya mishahara ya vibarua waliotandika mataruma kupita Chimala. Kuusimamia mpango wa namna hiyo kulihitaji mtu ajuaye hesabu za biashara, na hapo sifa ya Jamal haikuwa ya kuazima.

Neno sifa, hata hivyo, lina maana mbili, na Jamal alibeba zote. Baada ya Azimio la Arusha, benki zilitaifishwa Februari 1967. Yeye alikuwa Waziri wa Fedha, na Amon Nsekela wa Rungwe, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina, akaenda kuiongoza Benki ya Taifa ya Biashara. Masharti ya uongozi yalimzuia kiongozi kuwa na hisa, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Kwa mtoto wa mkulima huo ulikuwa mlango wa baadaye kufungwa, lakini kwa mtoto wa mfanyabiashara ulikuwa kuaga ukoo.

Kipimo kizito zaidi kilikuja Aprili 1971, pale sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ilipopitishwa. Sheria haikutaja rangi, lakini wengi wa wenye majengo hayo walikuwa Waasia, na maelfu yao waliihama nchi katika miaka iliyofuata. Jamal alikuwa katika Baraza la Mawaziri, tena kwenye Hazina. Miongoni mwa Waasia wako waliomwona msaliti, na miongoni mwa Waafrika wako waliompongeza kwa sababu hiyo hiyo. Kwa maoni yangu, pongezi hizo zinastahili kutiliwa shaka kuliko lawama. Hakuna aliyemsifu Bomani au Msuya kwa kutowapendelea watu wa kwao. Kwao hilo lilikuwa sharti la kawaida la kazi. Kwa Jamal liligeuzwa kuwa ushujaa, na kumsifu hivyo kulikuwa ni kukiri kwamba alitarajiwa kufanya kinyume.

Mwaka 1972 alihamishiwa Biashara na Viwanda, akarudi Fedha 1975 hadi 1977, akapewa Mawasiliano, kisha akarejeshwa Fedha mwishoni mwa 1979, Edwin Mtei alipojiuzulu kutokana na tofauti juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Uganda na bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Mwaka 1980 aliongoza mkutano wa mwaka wa shirika hilo na Benki ya Dunia, uliogubikwa na mgogoro wa kuwaalika Wapalestina kama watazamaji. Aliiacha Hazina mwaka 1983. Uchumi aliouacha ulikuwa taabani. Bidhaa zilikuwa adimu hata katika vituo vya njiani kama Chimala, ambako treni na malori yalipita na mizigo ya Zambia. Wanaomtetea hutaja vita na mafuta, na wanaomlaumu hutaja ukaidi wa sera. Katika ubishi huo rangi yake haitajwi sana, na pengine hapo ndipo alipopimwa kama waziri mwingine yeyote.

Aliuacha ubunge mwaka 1985, akaiwakilisha Tanzania kama balozi mjini Geneva, na akafariki mwaka 1995 huko Vancouver, Canada.